Jani Tulilofunga Pamoja na Saa

Ng'ombe wa bibi alikufa kwa ugonjwa wa ndigana mwishoni mwa masika, na bibi hakulia. Alifagia zizi, akamwaga majivu, akafunga mlango kwa kamba ya mgomba kama mtu anayefunga chumba cha mpangaji aliyesafiri. Kisha akakaa jikoni kwenye kigoda akaanza kumenya ndizi. Mimi na baba tulikuwa tumepanda Old Moshi kumpa pole. Pole yangu mimi huwa haisikiki, ninaisemea kifuani. Kwa hiyo nilichukua kisu nikamenya naye.

Asiyetoka mlimani anaweza kudhani zizi likiwa tupu kinachokosekana ni maziwa tu. Migomba inakula samadi. Ikikosa, mikungu inakuwa midogo, kahawa iliyo chini yake inafuata, na majirani wanaopita njiani wanaona kila kitu. Mjane mwenye zizi tupu huanza kuitwa "yule bibi wa watu," hata kama ndani ana sukari na chumvi. Bibi yangu alijua hilo kuliko sisi wa mjini.

"Iuze ile saa," alimwambia baba kabla chai haijapoa.

"Mama, ile saa ni ya mzee."

"Mzee hahitaji tena kujua ni saa ngapi. Mimi nahitaji mtamba."

Saa yenyewe babu aliinunua enzi kahawa ilipokuwa na bei. Ni saa ya mkono, ya kutoka Uswisi, na chini ya mishale ina kidirisha ambamo mwezi unazunguka, unakua na kupungua kama ule wa angani. Babu alikuwa akiivaa kanisani na kwenye mikutano ya ushirika. Alipofariki ilibaki kwa baba, kwa sababu baba ni fundi saa. Ana meza yenye kioo kwenye baraza ya duka la vitambaa mjini Moshi, na siku hizi watu wengi wanaokuja pale hawana saa mbovu, wanauliza kama anatengeneza simu. Kila mwaka alikuwa anaifungua ile saa, anaisafisha, anaitia mafuta, anairudisha kwenye kopo lake. Niseme ukweli: nilikuwa natamani siku moja aseme, chukua, vaa. Hakuwahi kusema, na siku ile jikoni kwa bibi nilijua hatasema tena.

Mjini hakuna aliyetaka kuinunua kwa thamani yake. Mmoja alisema atampa baba redio. Ndipo baba akakumbuka mtalii aliyeleta mkanda wa saa utengenezwe baada ya kushuka mlima, ambaye alimwambia kwamba huko kwao watu wanaopenda saa za zamani wanauziana kwenye intaneti, hawaonani hata uso. Baba hajui kompyuta na Kiingereza chake ni cha salamu. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Kiingereza changu mdomoni hakitoki, lakini kwenye karatasi kinatoka bila aibu.

"Basi tumepata karani," baba alisema.

Tukaanza kwenda kwenye intaneti kafe karibu na sokoni, mimi nikitoka shule, yeye akifunga meza. Kaka aliyekuwa akiangalia kafe alishanizoea. Alikuwa ananiita bubu. "Bubu leo kaja na ulinzi," alisema siku ya kwanza alipomwona baba. Baba akamsalimia kama hakusikia, akavuta kiti.

Tulipata ukumbi wa wapenda saa, mahali ambapo watu wanaandika habari za saa zao kwa upole kama wanazungumzia watoto. Niliandika tangazo. Baba aliketi pembeni ananiambia cha kuandika, nami natafsiri. Akataka niandike kwamba kioo kina mkwaruzo upande wa saa tatu, na kwamba skrubu moja ya ndani si ya asili, aliiweka yeye. Nilimwambia tukiandika hivyo bei itashuka.

"Mkwaruzo usiomwambia mtu akija kuuona mwenyewe," alisema, "atatafuta na ule ambao haupo. Andika."

Nikaandika. Kaka wa kafe akatupigia picha za saa kwa kamera yake ya dijitali: mbele, nyuma, ubavuni, na moja ikiwa imelazwa juu ya gazeti la siku ile ili ionekane tarehe ni ya kweli.

Wa kwanza kuandika alikuwa mtu mwenye haraka. Hakuuliza chochote kuhusu saa. Alisema atatuma hundi yenye pesa zaidi ya bei, sisi tumrudishie chenji kwa njia ya haraka, halafu saa ataifuata dereva wake. Mchana mzima nilitembea na furaha tumboni. Nilipoionyesha ile barua kafe, kaka alicheka hadi akashika meza.

"Dada bubu, hiyo ni noma. Hundi itarudi feki, chenji yenu itakuwa imeshaliwa, na huyo dereva hamtamwona. Mtu asiyeuliza habari za mali anataka kitu kingine."

Hatukumjibu tena.

Wa pili alikuwa mzee wa Australia, au alijiita mzee. Huyu aliuliza. Mashine imesafishwa lini, mwezi unaruka usiku wa manane au unateleza polepole, mkanda ni wa zamani au mpya. Baba alifurahi mno na maswali yale. Alijibu moja moja huku anaonyesha kwa vidole hewani, nami naandika. Mzee akakubali bei. Kisha akaleta ombi: kwenye kifurushi tuandike kwamba ni zawadi ya thamani ndogo, ili asilipe ushuru. Na pesa atatuma nusu, nyingine saa ikifika.

Hapo nilikwama. Mimi sijazoea kumkatalia mtu mzima, hata akiwa ng'ambo ya bahari. Nilianza kuandika kwamba hakuna shida. Baba akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea, akanishika mkono taratibu.

"Muulize hivi. Kifurushi kikipotea njiani, bima italipa saa au italipa zawadi ndogo?"

"Baba, ataona tunamjibu vibaya."

"Ataona tuna akili. Na mwambie fundi hatoi saa mezani kabla ya kulipwa. Hata padri nampa tikiti, akilipa ndipo anachukua saa yake."

Niliandika kwa heshima zote, nikaanza na bwana mheshimiwa, nikamaliza na samahani. Nikabonyeza kutuma. Usiku ule nilijiambia tumempoteza. Kesho yake jibu lilikuwa fupi: haki yenu, ningekuwa fundi ningesema vilevile. Akatuma pesa zote kupitia wakala wa fedha, na baba hakuanza kufunga kitu mpaka alipozipokea dirishani mwenyewe.

Jioni ile alinionyesha kitu ambacho sikukijua. Alifungua mfuniko wa nyuma wa saa, akanipa ile lenzi yake ya jichoni. Ndani ya mfuniko kulikuwa na namba ya kiwandani, na chini yake mikwaruzo midogo sana, kama nyayo za mdudu.

"Hizi ni alama zangu. Kila nikiisafisha naweka moja. Fundi mwingine hawezi kujua maana yake, lakini mimi hata ukinipa saa elfu nitaitoa hii. Nakili namba. Kaka apige picha humu ndani pia. Mtu akija kusema alipewa saa mbovu, akaturudishia ya kwake iliyokufa, tutajua."

Nikanakili. Kisha tukafunga. Saa kwanza kwenye kitambaa laini, halafu pamba, halafu ndani ya kopo la kakao ambalo mama yangu aliliosha akalianika, halafu boksi la mbao jepesi. Baba alilitikisa sikioni. Halikusema kitu. Alisema kifurushi kizuri ni kile kisicho na maneno.

Bibi alishuka mjini siku ya soko akiwa na ndizi zake kichwani, na mkononi ameshika jani la sale.

Kwetu sale linapandwa mpakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unatuma mjumbe na jani la sale lililofungwa fundo. Akilipokea, ugomvi umekufa, hata kama moyo wake bado unachemka. Hakuna anayelikataa. Nimewahi kuona wazee wawili wa kwetu ambao hawakuwa wanasalimiana tangu sijazaliwa wakikaa kwenye benchi moja na kata moja ya pombe ya mbege kwa sababu ya jani.

"Liweke humo," bibi alisema.

"Mama, hatujamkosea mtu," baba alisema.

"Hatujamkosea, lakini hatumjui. Hatujala naye, hatujanywa naye, hatujui ukoo wake. Mnamwachia saa ya mume wangu kwa sababu ya herufi kwenye televisheni. Akifungua akaliona hili, hawezi kutudhulumu."

Baba aliniangalia mimi, karani. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi pale kafe za namna ya kutuma vitu vya thamani. Zilisema habari za bima, sahihi, picha, boksi ndani ya boksi. Kuhusu majani hazikusema kitu. Nikainua mabega. Baba akafungua tena boksi na kopo, akalikunja jani lenye fundo, akalilaza juu ya pamba, akafunga kopo.

Kwenye ofisi ya kutuma vifurushi, mama wa dirishani alitakiwa kuona kilichomo kabla ya kufunga. Alikuwa Mchagga kama sisi. Alipoona jani alitabasamu.

"Hee, sale. Mmemkosea nani huko?"

"Bado hatujamkosea," baba alisema.

"Basi mmewahi kuomba msamaha mapema. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, wanaume wangu nyumbani wangejifunza."

Watu kwenye foleni walicheka. Kwenye fomu tuliandika saa ya mkono iliyotumika, na thamani yake yote bila kupunguza. Baba akachagua usafirishaji wa ghali, ule wenye namba ya kufuatilia, bima, na mpokeaji kutia sahihi. Jani hatukuliandika. Si kwamba tulilificha, machoni petu sote lilikuwa ni neno la bibi, na neno haliandikwi kwenye fomu ya mizigo.

Kwa zile pesa baba alinunua mtamba Kibosho, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, ana mimba changa. Tulimpandisha Old Moshi kwa pikapu ya kukodi. Bibi alimpokea, akampa maji na majani ya mgomba, akampapasa shingo. Lakini hakumpa jina. Na samadi yake hakuipeleka shambani. Aliilundika pembeni ya uzio akaifunika kwa majani makavu ya mgomba.

"Mama, mbona hivyo?" baba aliuliza.

"Saa imefika?"

"Bado."

"Basi huyu bado ni wa yule mzee wa Australia. Mimi namlishia tu. Siwezi kulisha migomba yangu mavi ya ng'ombe wa mtu."

Jirani mmoja alipita akauliza kama bibi ameanza kuuza samadi, maana lundo limekuwa mlima wa pili. Bibi akamjibu kwa Kichagga jambo ambalo sitaliandika.

Mimi kila nikitoka shule nilipita kafe kuiandika ile namba ya kufuatilia. Skrini ilionyesha kifurushi kimeondoka Dar es Salaam, kisha kimefika nchini kwa mnunuzi. Kaka akanipongeza, akaninunulia soda. Halafu maneno yakabadilika. Kimezuiwa na wakaguzi. Nikadhani ni kawaida. Siku zikaenda, maneno yakabaki yaleyale, kisha ikaja barua ya mzee, na upole wake wote ulikuwa umekwisha. Alisema ameletewa taarifa ya serikali kwamba kifurushi chetu kina mmea ambao haukutajwa, na hakitatolewa mpaka uondolewe na kuchomwa. Mmeniwekea nini, aliuliza. Alisema amelipa kwa uaminifu, hataki kuingizwa kwenye mambo ya dawa za kulevya, na asipoelezwa vizuri anataka pesa zake.

Nilimfuata baba mezani kwake na ile barua, nikamsomea polepole kwa Kiswahili.

"Mmea gani?" baba aliuliza. Aliuliza kweli kabisa, amekunja uso. "Tulitia mmea?"

Tulitazamana. Nadhani lilitujia wakati mmoja, kwa sababu aliweka chini kibisibisi chake na mimi nikakaa kwenye ngazi.

Pesa zilikuwa zimekuwa ng'ombe. Baba alisema ikifika huko, mtamba atarudi Kibosho, na atapata bei pungufu, na tofauti ataibeba yeye. Halafu akasema, "Sijui nitampandia mama na maneno gani." Baba akisema hajui, mimi ninaogopa, kwa sababu siku zote hunyamaza badala ya kusema hajui.

Nilipanda mimi. Sijui kwa nini nilijitolea. Labda kwa sababu barua ilikuwa yangu kusoma. Nilimkuta bibi anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja peke yako? Nani amekufa?"

"Hakuna. Bibi, kile kifurushi wamekizuia. Kwa sababu ya jani."

Nikamweleza. Kwamba huko kwao hawaruhusu jani lolote la nje kuingia, wanaogopa magonjwa ya mazao. Kwamba mzee anaweza kukipata kama jani litaondolewa na kuchomwa moto, lakini sasa anatuona wezi au wauza bangi.

Alisimamisha panga. Kuchoma sale si jambo dogo. Nilijua hilo, ndiyo maana nilikuja kuuliza badala ya kuandika tu. Niliogopa kwamba atakataa, na akikataa ng'ombe ameondoka.

"Wanaogopa magonjwa ya mazao yao?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Hao ni wakulima basi." Akaendelea kukata. "Mwambie alione kwanza. Hata kwa mbali. Akishaliona, wachome. Neno likishasikika, aliyelileta anaweza kwenda."

Nilishuka mjini na kichwa kimejaa. Barua niliyoandika siku ile ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika, pamoja na za shule. Baba alisema niandike kwa ufupi, halafu akaniacha, akasimama mlangoni mwa kafe. Nilimwambia mzee kwamba mmea ule ni jani la mpakani, hauvutwi wala hauliwi. Nilimwambia linatumika kufanya nini kwetu, na kwamba hatukulitaja kwa sababu hakuna kati yetu aliyeliona kama mmea. Nilimwambia habari za bibi, za zizi, za mtamba ambaye hana jina na samadi iliyofunikwa kama maiti. Sikuomba chochote isipokuwa kimoja: awaombe wakaguzi alitazame kabla hawajalichoma. Gharama za ukaguzi tutalipa sisi, kosa ni letu. Nikaambatisha tena picha zote, ile ya gazeti na ile ya ndani ya mfuniko, na namba, ili akikabidhiwa saa aihakikishe mbele yao.

"Bubu," kaka wa kafe alisema alipoona urefu wake, "kumbe ulikuwa unahifadhi."

Jibu halikuja kesho, wala wiki ile. Baba aliendelea kutengeneza vitu vya watu lakini alikuwa anarudia kazi moja mara mbili. Nilimwona akifungua saa ya mezani ya mwalimu ambayo alishaifunga asubuhi.

Lilipokuja nililisoma kwa kunong'ona, baba ameinama begani kwangu. Mzee alisema alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya wakaguzi. Walimwonyesha jani likiwa ndani ya mfuko wa plastiki, halikuruhusiwa kutoka. Alisema limekauka kidogo lakini bado lina kijani. Alitia sahihi lichomwe, akafungua kopo pale pale kaunta, akafungua mfuniko wa saa, akatoa lenzi yake, akasoma namba, akaona nyayo za mdudu. Saa ilianza kutembea alipoitikisa. Gharama za ukaguzi alitutajia, na baba akazilipa wiki ileile bila kunung'unika. "Haki yake," alisema. Kuhusu kurudishiwa pesa mzee hakugusia tena. Aliuliza tu kama mtamba ni mzima.

Jumamosi nilipanda Old Moshi moja kwa moja. Nilimwambia bibi saa imefika.

"Jani aliliona?"

"Aliliona. Ndani ya mfuko."

"Fundo lilikuwepo?"

"Hakusema, bibi. Alisema lilikuwa bado na kijani."

Akaingia ndani, akatoka na majembe mawili na karai, akavuta yale majani makavu kutoka juu ya lundo. Harufu ilipanda. Nilikuwa nimevaa viatu vya shule, nikamwambia.

"Vivue," alisema. "Na usilundike kwenye shina, utaunguza mgomba. Zungusha mbali, pale mizizi inapokunywa."

Nikavivua, nikashika karai.